Mwanamke wa Kikapu

Kila Februari, upepo wa Danubi ukishatufungia ndani,
televisheni ya Ruse hurudia ile filamu,
nami huvuta kiti, nikavua miwani ya cherehani
nikavaa ile ya kuonea mbali.

Hadithi yenyewe haina mambo mengi.
Msichana ashuka kituo kisicho chake,
fundi saa amwazima glavu moja, ya kushoto,
wanazunguka mji mzima wakigawana baridi,
na alfajiri treni yaja kumchukua.
Anapanda. Fundi anabaki,
kisha, hapa muziki hupanda, anakimbia,
koti wazi, bila kofia,
akipunga ile glavu ya kulia.

Mwaka wa kwanza nililia hadi jirani Stanka
akagonga ukuta.
Nilisema: huyu ni mimi, yule ni Lyuben,
glavu tu ndiyo tuliyokosa.
Maana Lyuben naye alipanda treni, Septemba ile,
kwenda Ujerumani kupiga lipu,
na begi lake nililishona mimi, mishono miwili miwili
lisije likafumuka njiani.

Miaka kenda nikaitazama hivyo,
nikijipa nafasi ya mbele, uso mzima kwenye kioo:
pale anapoambiwa "nitarudi"
nami niliambiwa "nitarudi",
pale anaponyamaza, nami nilinyamaza,
ingawa mdomo wangu ulikuwa umejaa pini.

Mwaka huu nimeona kitu.
Fundi anakimbia, ndiyo, jukwaa zima ni lake,
lakini nyuma yake, kando ya nguzo,
anapita mwanamke mwenye kikapu.
Sekunde mbili. Labda tatu.
Hageuki. Anatazama chini asiteleze.
Jina lake halimo katika orodha ya mwisho, nimelitafuta.

Nikamjua.
Septemba ile sikukimbia.
Treni haijamaliza kukata kona
nilikwisha kuvuka barabara hadi soko la kituoni
kwa sababu pilipili nyekundu zilikuwa za bei ya kutupa
na nyumbani nilikuwa na chupa arobaini tupu.
Nilichagua moja moja, nikipapasa zilizolegea.
Nikabishana na muuzaji kuhusu mizani.
Jioni nikazichoma juu ya bati uani,
moshi ukanipa sababu.

Zikaja barua tatu za Lyuben, kisha mbili, kisha kadi
yenye picha ya daraja.
Hakuna anayetengeneza filamu
ya kadi yenye picha ya daraja.

Sasa Gencho.
Gencho hayumo popote humo, si mbele, si nyuma ya nguzo.
Alikuja kufunga antena, ndiye aliyeniletea
picha isiyo na chenga,
akaomba maji, akasifia achari yangu,
akarudi kesho yake kurekebisha kisichoharibika.
Huu ni mwaka wa sita tunaitazama pamoja,
yaani mimi natazama, yeye hulala
kabla glavu haijatoka mfukoni,
soksi zake juu ya hita, kidevu kifuani,
akikoroma kama mtu aliyeshinda juu ya mapaa.
Nami, muziki unapopanda, huushusha.

Hajapata kuiona ile mbio, hata mara moja.
Huamka majina yanapopita,
hujipangusa mdomo, huuliza:
"Aliiwahi?"

Mwaka mmoja nilimwambia aliiwahi.
Mwaka mwingine, treni iliharibika, akapata nafasi.
Mwaka jana nilisema walioana, wana mapacha, na mbwa.
Yote huyapokea
kama aliyesomewa hali ya hewa ya mji mwingine.

Jana usiku akauliza tena.
Nikasema: "Sijui. Nilikuwa namtazama mwanamke wa kikapu."
"Alibeba nini?"

Miaka yote hiyo.
"Pilipili," nikasema.

Gencho akatikisa kichwa, kwetu huku ndiyo ishara ya ndiyo,
akainama kutafuta soksi ya pili.