Chumvi

Saa nne asubuhi, bata mzinga bado jiwe.
Nimemgonga kifua kwa kijiko,
akaitika kama mlango wa benki siku ya Jumapili.
Nje, Duluth imefunikwa gubigubi,
ziwa limekunja uso,
na oveni yangu, iliyokuwa ikikohoa tangu Agosti,
imezimika bila hata kuaga.

Nikashuka ngazi hadi kwa bwana Lindqvist
ambaye hatusemezani naye tangu Machi
kwa sababu ya beleshi, na kwa sababu ya theluji
ambayo kila mmoja alisema ni ya mwenzake.
Nimempakata ndege kama mtoto mwenye homa.
Akamtazama yeye, mimi hakunitazama.
"Ratili ngapi?"
"Kumi na nne."
Akausukuma mlango mpaka ukagusa ukuta.

Saa kumi na moja, giza limeshaingia, wakaanza kufika.
Renata, sufuria ya viazi vitamu kaivisha skafu yake,
mwenyewe shingo wazi.
Odell, aliyeachishwa kazi kiwandani wiki iliyopita,
na pai za maboga, tatu:
"Muda ninao," akasema.
Thuy na bintiye Lien, na bakuli la mchuzi wa samaki
ambao hakuna aliyeuomba
na hakuna aliyeusaza.
Marguerite alikuja na mikono tu,
ndani ya glavu za marehemu kaka yake,
vidole vya glavu vikining'inia vitupu nchani.
Mwisho bwana Lindqvist, amefunga tai,
amembeba bata mzinga, kaiva, rangi ya mninga.

Viti vinne, watu saba.
Meza haikutosha, tukaiunga na meza ya kupigia pasi,
tukatandika shuka juu ya zote mbili ili zisioneane aibu.
Kila Odell alipokata nyama
glasi za upande wa pili zilinesa.

Mama alituzoesha: kabla ya kijiko,
kila mtu ataje jambo moja.
Utotoni nilisema "mbwa" kila mwaka,
hata mwaka ule mbwa alipokufa.

Renata akataja jicho lake la kushoto, limepona.
Lien: kesho hakuna shule.
Odell akasema pai hazikuungua, basi, akainama.
Bwana Lindqvist akakohoa. "Oveni," akasema,
na masikio yakamwiva.
Ikafika zamu ya Marguerite.
"Mwaka huu sina," akasema. "Naomba chumvi."

Kimya.
Uma wa mtu uligusa sahani, ukajuta.
Hakuna aliyemwambia Mungu yupo,
hakuna aliyemshika bega.
Thuy akaiokota chupa ya chumvi, akampa Lien,
Lien akampa Lindqvist, Lindqvist akampa Odell,
Odell akanipa mimi,
na ilipomfikia Marguerite
kioo kilikuwa kimepata joto.

Nami nilikuwa na hotuba.
Nimeiandika nyuma ya bili ya umeme,
imekunjwa mfukoni mwa aproni. Ikabaki humo.
Nilidhani kushukuru ni hesabu:
weka ulichopata, toa kilichokuponyoka,
kinachobaki ndicho cha kuinulia glasi.
Kwa hesabu hiyo Marguerite anadaiwa,
na bado ameendesha gari maili ishirini na tano za barafu
aje kuketi juu ya sanduku langu la zana
kula pamoja nasi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikuwa nimemwambia mtu kwamba naumwa
na upweke huu wa kujibiwa na jokofu.

Tukala. Lindqvist alisimulia kuhusu fahali wa babu yake,
kisa kirefu, hakikuwa na mwisho,
tukacheka mahali pasipostahili.
Marguerite aliongeza viazi mara mbili.
Mlangoni Odell akamsukumia pai nzima:
"Ya tatu ilikuwa yako tangu mwanzo."
Uongo mtupu. Akaipokea.

Usiku, nilipoitoa shuka,
nikaona chumvi imedondoka punje punje
kutoka pembe moja hadi nyingine,
njia nzima iliyopita, mkono kwa mkono.
Nikasimama pale na shuka yangu.
Sikuikung'uta.