Herufi Moja

Nandonde, kwangua rangi yote.
Buluu ile imechacha kama maziwa ya juzi.
Dirisha lipanue upande wa stendi,
meza ya vitenge ihamie mwangani,
na hapa, chini ya swichi, nifungie soketi nne:
wanaotoka Kitangari na korosho zao
simu hufika zimekufa.
Wakingoja chaji, watatazama magauni.

Benchi? Likate miguu.
Wateja hukaa wakining'inia kama watoto.

Pazia la kujipimia liwe zito.
Mwaka jana upepo wa huku Newala
ulimfunua Somoe mbele ya wadeni wake.

Bei ziandike kwa nyeupe, kubwa,
zisomeke hadi mzani wa ghala.
Ila pale juu ya mlango, polepole.
Najua. Mwalimu Chilumba hupita akicheka,
na binti yangu kanichorea kwenye daftari
namna inavyotakiwa.

CHELEHANI.

Aliyeiandika alitamka hivyohivyo.
Alishuka ngazi, akarudi nyuma hatua tatu,
akafuta mikono kwenye suruali ya harusi,
akasema, "Sasa ni duka."

Zungushia brashi.
Hiyo L iache na buluu yake.