Viti Arobaini

Walikuja Jumamosi, saa nne, watu wamekwisha kunywa chai,
na mabango ya maboksi ya sabuni,
wino wa bluu umechuruzika kwenye neno LAANA,
na kipaza sauti kile kile kinachotangaza chanjo.
Mburahati Barafu, uchochoro wa pili nyuma ya mashine ya kusaga.

Walimtaka Hemedi.
Walimtaka na Yusta, wa miaka kumi na tisa,
aliyefukuzwa kwao Tabata
na begi moja, na vyeti vyake ndani ya mfuko wa rambo.
Hemedi hapendi wasichana, Yusta hapendi wavulana:
ndiyo kesi nzima.
Neno walilokuwa wakilipigia makofi silirudii hapa;
Yusta anajua kusoma.

Mimi mkodishaji.
Viti, maturubai, masufuria ya pilau, taa za kamba.
Kuhutubia sijui.
Nikafungua stoo.

Nikavitoa kimoja kimoja, vyeupe,
herufi zangu mgongoni kwa rangi nyekundu,
nikavipanga mbele ya geti, safu nne, kumi kumi.
Kelele zikalegea.
Watu wa mji huu wakiona viti vinapangwa
kwanza huuliza msiba wa nani.

"Nani kafa?" akasema Mzee Mwinchande.
"Bado," nikamjibu. "Kaeni."

Kile chenye ufa, Tabu, ulikikalia siku tatu
ukimlilia mama yako.
Nani alikwambia, "Usiegemee, shangazi, kitakutupa"?
Na wewe, Mwalimu Ndimbo, arusi ya binti yako:
mvua ikapiga, nguzo ya turubai ikainama,
mtu akaishikilia kwa bega mpaka keki ikakatwa.
Mlimpa soda ya moto.
Mkamwita mwanangu.
Yuko humo ndani, amekaa sakafuni nyuma ya jokofu,
bega ni lile lile.

"Mama, unafuga dhambi!"
Kijana wa ng'ambo ya barabara, simjui kwao.
Nikamsogezea kiti.
Akakipiga teke, mguu ukakatika
kwa mlio ambao meno yangu yaliusikia.
Nikauokota ule mguu, nikauweka mapajani,
nikakaa kwenye kingine, mgongo kwenye geti,
mikono ikitetemeka. Nisidanganye, ilitetemeka.

Akaja Chausiku wa saluni, akakaa kulia kwangu.
Akaja na mteja wake, nywele zimesukwa nusu,
nusu zimesimama kama zimepigwa na habari.
Akaja mama mwenye pacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani,
hakusalimia mtu.
Hatukuimba. Hatukujibu.
Muuza kahawa akapita, akaona viti,
akadhani Mungu kamfungulia, akatua birika,
akaanza kumimina kwa wote, wa huku na wa kule,
akigonga vikombe vyake.

Mzee Mwinchande akakaa.
Hakuomba radhi; goti lilikuwa linamsumbua.
Bango akalilaza chini, maandishi yakitazama mchanga,
akanywa vikombe viwili, akalipa kimoja.
Wengine waliondoka adhuhuri.
Wengine walisema watarudi, na nawaamini.

Jioni Hemedi akatoka kuhesabu,
maana hesabu ya viti ni kazi yake.
Thelathini na tisa.
Akapasha msumari kwenye jiko, akatoboa matundu,
akaushona mguu kwa waya,
Yusta akimmulikia kwa simu,
moshi wa plastiki ukituchoma macho sote watatu,
tukapata kisingizio.

Kikasimama. Kimepinda kidogo, lakini kimesimama.

Alhamisi kuna hitima kwa Mwinchande.
Ameagiza viti vyote, arobaini.
Hakusema nani avilete,
nami sikumuuliza.