Kanzu ya Mteja

Kamera niliinunua kwa Shajahan, fundi simu wa Ruwi,
riyali thelathini na tano, kwa mafungu matatu,
mkanda umechanika, kitufe kimoja hakijibu.
Kiswahili hajui; Kiarabu chake kama changu,
cha kuombea chumvi na kuulizia bei.
Akanigusa kope kwa kidole chenye gundi: jicho.
Akagusa kioo cha kamera, akarudi kwenye kope:
jicho kwanza.
Ndilo darasa lote nililopata.

Ijumaa ya kwanza nikamsimamisha Nekesa juani, saa sita,
kwenye maegesho nyuma ya dobi letu,
nikidhani mwanga mwingi ndio picha nzuri.
Jua la utosi likamchimba mashimo chini ya nyusi,
pua ikamwangushia masharubu,
na nguzo ya taa ikamwota kichwani.
Alipojiona alicheka mpaka akakaa chini.
"Hii nikimtumia mama Kitale,
atauza ng'ombe anirudishe."

Ijumaa ya pili nililenga jicho, nikapata sikio:
hereni kali kama sindano, hata kutu yake inahesabika,
uso wenyewe ukungu.
Ya tatu yeye alitoka vizuri, ukuta ukamshinda.
Nyuma yake kuku wa kuchoma, mkubwa kama gari,
na bei yake kwa wino mwekundu.
Ya nne hakuja. Tajiri wake alikuwa na wageni.
Nikampiga picha paka wa jaani,
hata yeye akanigeuzia mgongo.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hili la chuma linalo.
Linafunguka, linafumba,
sehemu ya mia mbili ya nukta moja,
na katika upenyo huo mtu anatakiwa awe yeye.
Nekesa hakuwa yeye. Nikiinua kamera tu
anavaa lile tabasamu la kupelekea chai sebuleni,
meno yote nje,
macho yamebaki jikoni.

Ya tano ilikuwa Januari, baada ya asri.
Tulishuka chini ya daraja, kwenye wadi mkavu,
magari yakinguruma juu ya vichwa vyetu.
Kivuli kilikuwa laini; hakuna shimo, hakuna masharubu,
ila uso umepoa, kama uji uliosahauliwa chumvi.
Nilikuwa na kanzu ya mteja begani,
ya kufikisha Darsait kabla ya magharibi.
Ilinichosha mkono, basi.
Nikaitundika kwenye chuma kilichochomoza nguzoni,
pale jua linapoishia na kivuli kinapoanza,
nikaivua nailoni isije ikatoa jasho.

Mwanga ukaruka.
Ukatoka juani, ukagonga kanzu, ukamwingia Nekesa
shavuni, shingoni, chini ya kope,
kama mtu aliyefunguliwa mlango kwa ndani.
Sikusema kitu. Niliogopa hata kumeza mate.
Yeye akaitazama ile nguo nyeupe ikiyumba:
"Ya nani hii?"
"Sijui. Namba mia mbili na kumi na nne."
"Hajui kama tuko naye."
Na kabla tabasamu la sebuleni halijafika
nikabonyeza.

Usiku niliifua tena kanzu ile, pindo lilishika vumbi,
nikaipiga pasi mara mbili.
Mwenyewe alipokea kwa kuchelewa, akainusa kola,
akahesabu chenji yake, akafunga mlango.

Mama wa Kitale alijibu kwa sauti, siku ya tatu,
jogoo wakimwingilia.
Umekonda, alisema. Wanakulisha huko?
Halafu kimya, halafu kikohozi:
"Nimeikuza hii picha kwa vidole, Nekesa, nikaikuza tena.
Kuna mtu mweupe amesimama ndani ya jicho lako.
Na kwa lile la pili yupo.
Hana kichwa.
Ni nani huyo?"

Nekesa alinitazama, simu mdomoni,
asijue aanzie wapi.