Viganja

Mara ya kwanza niliandika: malaria.
Kipimo kilikataa, nikakilaumu kipimo.
Mara ya pili, vipele kifuani. Joto la Machi, nikasema.
Mara ya tatu nywele zilimtoka mafungu mafungu,
nikampa dawa ya mapunye,
mtu mzima, mama wa wawili.

Somoe hakunibishia.
Kila akirudi zahanati yetu ya Langoni
aliketi, akasema tu, "Daktari, bado."

Juzi, wiki ya harusi ya mdogo wake,
alinyoosha mikono kupokea karatasi,
na kati ya ua na ua la piko
nikaona madoa ya shaba
ambayo mchoraji hakuyachora.
"Piko imenichoma."
"Na nyayo?"
Akavua kiatu.
Nyayo zilikuwa bado hazijapakwa kitu.

Damu ilijibu kabla chai yangu haijapoa:
kaswende.
Penisilini, tako la kulia, tako la kushoto.

Akajifunga buibui polepole.
"Baba Shee yuko Mombasa, yuaja Ijumaa.
Nimwambieje? Ni hina?"

Sikuwa na jibu la haraka.
Kwenye kadi yake nilikata malaria, joto, mapunye,
mstari mmoja mmoja, yasomeke,
na pembeni nikatia jina langu.