Mmiliki Hajulikani

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
nafungua kituo cha zamani cha zimamoto.
Ufunguo unagoma. Naupulizia pumzi
mpaka baridi ya Minesota iuachie.
Chama cha Historia cha Mji wa Halvard:
wanachama arobaini na mmoja,
walio hai thelathini na tisa;
wawili ada yao imelipwa mpaka Desemba
na mweka hazina hana moyo wa kuwafuta.

Juzi tulikuwa na mnada wa keki.
Mwezi ujao, matembezi ya makaburini kwa kurunzi,
watoto bure, mbwa wafungwe kamba.
Leo ni darasa la kuchora.
Tangazo niliandika mimi,
na lebo zote humu ndani ni mkono wangu,
mwandiko uliosifiwa darasa la tatu
na haujasifiwa tena.

Wamekuja saba. Wanne kwa ajili ya kuchora,
wawili kwa ajili ya joto,
na Toivo Rautanen, kwa sababu binti yake
kamshusha mlangoni akaondoa gari.

Mwalimu ni Priscilla Odegaard,
samaki wa wino kwenye kiwiko.
Katoa vitu ghalani, kavitandaza mezani:
pasi ya mkaa, kiatu kimoja cha barafu,
kengele ya shule isiyo na ulimi,
mkebe wa chakula wa mchimba madini,
wa bati, nambari mia mbili na kumi na mbili.
"Msichore mnachokijua," anasema.
"Jicho liende ukingoni kama sisimizi,
na mkono umfuate sisimizi."

Toivo anaambulia mkebe, ndio uliobaki.
Anashika penseli
kama anayeshika msumari ili mwingine agonge.
Anachora mfuniko. Anafuta.
Anachora mfuniko.
Nusu saa, hakuna sauti
ila bomba la mvuke likikohoa ukutani.
Kisha anaupindua.

Kitakoni kuna bonde, la kutosha kidole gumba,
na mikwaruzo minne inayokimbilia upande mmoja.
Penseli inafuata wa kwanza,
wa pili,
wa tatu, inasimama.

"Huu tuliutelezea," anasema,
akiliambia bati, si sisi.
"Mimi na Eino. Mlima wa kifusi, nyuma ya shimo la tatu.
Niliukalia mimi, yeye akasukuma.
Jiwe lilikuwa limejificha chini ya theluji.
Baba alitupiga wote wawili kwa mkanda mmoja,
na kesho yake akabebea chakula humuhumu.
Miaka kumi na minane
alikula supu iliyolalia upande."

Eino ni mmoja wa wale wawili wa Desemba.

Naitazama lebo: Mmiliki hajulikani.
Miaka tisa nimeupangusa vumbi mkebe huu
juu na ubavuni. Kuupindua, sikuwahi.
Naye kila Juni, sikukuu ya kiangazi,
amekuwa akisimama papo hapo na kahawa yake,
kaupa mgongo.

"Uchukue," namwambia. "Ipo fomu ya kurudisha."
"Nyumbani nitatia nini ndani?"
Kisha, karibu kwa ukali:
"Tena sijamaliza."
Na penseli inarudi
kwenye mkwaruzo wa nne.

Nje, binti anapiga honi. Anapiga tena.
Hakuna anayeinuka; hata wale wawili wa joto
wamesogeza viti.
Nachukua kadi mpya, naandika:
Matti Rautanen, mchimba madini.
Bonde la kitakoni: Toivo na Eino.
"Mwaka?" nauliza. "Lebo inataka mwaka."
Anafikiri, penseli hewani.

"Andika theluji ilikuwa nyingi."

Nikaandika.