Swali Lisilo na Kisanduku

Karatasi imekuja ndani ya mkoba wa Mundhiri,
imekunjwa mara nne, ina doa la tende.
Shule yao hapa Ibra, darasa la pili,
maswali kumi na mawili juu ya masikio:
ndiyo au hapana, mzazi atie alama.

Je, mtoto huongeza sauti ya televisheni?
Hapana. Nyumba hii rimoti ni ya baba yake.
Je, amewahi kutokwa na usaha masikioni?
Mwaka juzi, tuliporudi Salala.
Nilimtia mafuta ya thomu, ukakauka.
Umekauka, si umekwisha? Hapana.
Je, hukuomba urudie ulichosema?
Kamwe. Mwanangu hana usumbufu.
Kalamu ikakimbia, hapana, hapana,
kama mtu afungaye madirisha vumbi likija.

Mama mkwe yuko mkekani anachambua dengu,
barakoa yake ya Kibedui usoni,
nili imemchora puani miaka hamsini.
Namsomea kwa Kiarabu, ananikatiza:
Huyo? Mimi hanijibu.
Namwita kutoka mlangoni, yeye na vigari vyake tu.
Nikasema ni kiburi, kakitoa kwa wajomba zake wa Unguja.

Huwa anakujibu lini?

Akafikiri, dengu kiganjani.
Wakati wa kula.

Wakati wa kula
huvua barakoa.

Nikajifunika mdomo kwa ncha ya leso,
nikasema kwa sauti ya siku zote:
Mundhiri, nani kala halua?
Akanitazama. Akatikisa kichwa, ndiyo,
kama anavyotikisa kila siku.
Nikaishusha leso, nikarudia.
Si mimi! Ni Rayya!

Miaka saba najisifu kwa majirani:
mtoto ana adabu huyu, ukisema naye
macho hayabanduki usoni pako.
Hilo hawakuliuliza.

Nimerudi juu, namba moja.
Wino haufutiki. Nakata hapana, nakata tena,
swali la nne karatasi imetoboka.
Pembeni, pasipo na kisanduku,
nimeandika kwa Kiarabu changu kibovu:
Husikia kwa macho.
Mwiteni akiwa amewapa mgongo.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe
alikuwa anahangaika na kamba kisogoni,
mchana kweupe, chakula bado,
dengu zimemwagika zote mkekani.
Uso wake mtupu, mweupe pale palipofunikwa.
Mundhiri, alisema,
polepole, kwa midomo yote.